Kitambaa Kisichoandikwa Daftarini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo, daftari na panya. Ufunguo ulikuwa wa chumba cha vielelezo, daftari lilikuwa la kuandikia vilivyomo, na panya alikuwa amekaa humo miaka mingi akinenepa kwa bangi ya serikali. Sajini aliyenipokea alicheka. "Huyo ndiye mkubwa wako," aliniambia. "Kitu kikipungua, mwandike yeye."

Hapo palikuwa kituo cha polisi upande wa Changamwe, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vituo vyenyewe sitavitaja, maana wako wenzangu wangali hai, na sitaki watoto wao waanze kuulizwa maswali yanayonihusu mimi. Nilikuwa konstebo mpya, kijana wa Likoni, mtoto wa wakulima wa minazi na mihogo, na nilitarajia kupewa bunduki. Nikapewa kalamu kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Kalamu hiyo nilikaa nayo mpaka nikastaafu, na madhara niliyoyafanya hayakuhitaji bunduki.

Kielelezo, kwa ninyi msioijua kazi hii, ni kitu kilichokamatwa pamoja na mshtakiwa, kikatunzwa ili hakimu akione kwa macho yake. Panga, gongo, redio ya wizi, noti bandia. Kila kimoja huandikwa daftarini siku kilipoingia, hufungwa kibandiko chenye namba, na kikiwa cha thamani hupigwa lakiri, ile nta nyekundu inayovunjika mtu akikigusa. Wengine waliona ni kazi ya wavivu. Lakini kesi nyingi zilishinda au kufa ndani ya chumba kile kabla hazijafika kwa hakimu.

Sajini hakusoma sana. Alikuwa amekaa mahakamani miaka mingi akisikiliza, akaielewa sheria kuliko baadhi ya waliolipiwa karo waisome. Siku moja aliniuliza: mpangaji analalia godoro la mwenye nyumba, ndani yake mna bangi, na amelilalia mwezi mzima, je, amepatikana nayo? Nikajibu, naam, amepatikana nayo.

"Basi na kunguni wa godoro lile tuwashtaki," akasema. "Sikiza, kijana. Mtu akipatikana na kitu jiulize mambo matatu. Kitu kilikuwa mahali pake yeye? Alikuwa na uwezo nacho, yaani angeweza kukitoa, kukificha au kumpa mtu? Na alijua ni nini? Likikosekana moja huna kesi, una mzigo."

Hilo la tatu ndilo gumu. Kujua kumo ndani ya kichwa cha mtu, na kichwa hakipigwi lakiri. Kwa hiyo sheria hukutafuta kujua huko katika vitu vinavyoonekana: kamba imefunguliwa au la, vumbi limeguswa au la, kitu kiliwekwa wazi au kilifukiwa uvunguni. Sajini alinifundisha kuandika yote hayo. Ikiwa kitu kililetwa ndani ya mfuko, niuandike na mfuko, rangi yake, na jinsi ulivyofungwa. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nalisema hili ili mjue kwamba baadaye sikukosea kwa ujinga.

Miaka michache ikapita nikahamishiwa upande wa Kisauni. Huko mkuu wangu alikuwa Inspekta mmoja kutoka bara, mtu wa haraka, shati lake likipigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe. Ndiye aliyekuwa pia kiongozi wa mashtaka, kwani zamani hizo askari wenyewe ndio waliosimama mbele ya hakimu kuiendesha kesi. Hakuwa mtu mbaya wa kila siku. Mke wangu alipojifungua alituma gari la kituo limchukue. Ila kushindwa hakukumshuka kooni.

Asubuhi moja tukaletewa hamali wa Kongowea na mkokoteni wake. Alikuwa akisukuma gunia la vitunguu lililoshushwa kutoka kwenye lori, na katikati ya vitunguu mlikuwa na bangi. Nikaandika kama nilivyofundishwa: gunia moja, mdomo umeshonwa kwa kamba ya katani, mshono haujafunguliwa, lina alama ya rangi nyekundu ya mwenye lori. Kesi ilipofika, hakimu aliusoma mstari ule mara mbili. Akamuuliza Inspekta kama mahamali wa Kongowea wana macho ya kupenya katani. Hamali akaachiliwa, akatoka mbio hata viatu vyake akavisahau kizuizini.

Inspekta aliniita ofisini. Hakuketi.

"Nani alikuambia uandike kamba?"

"Ndivyo nilivyofundishwa, afande."

"Sisi tulishtaki kamba?"

"La, afande."

"Basi kuanzia leo unaandika kitu. Bangi ni bangi. Gunia, karatasi, kamba, hizo zote ni takataka. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Nilijua vizuri amri ile imelenga nini: ilikuwa ya kumfunga hakimu macho asilione lile jambo la tatu, la kujua. Lakini nilikuwa na mke, mtoto mchanga na chumba kimoja cha kupanga Bombolulu. Nikaandika kitu. Mwaka mmoja baadaye nikawa koplo, na nikajiambia kuwa ni kwa ajili ya mwandiko.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Inspekta alihamishiwa upande wa Likoni, akaniomba nimfuate. Nilifurahi. Nilikuwa narudi nyumbani, kwa mama, na dukani kwa Mzee Abdu.

Mzee Abdu alikuwa wa nyumba ya wafanyabiashara wa tangu na tangu. Babu yake alivuka kutoka kisiwani akafungua duka la misumari, kamba, tambi na mafuta ya taa, na pamoja na biashara hiyo wakawa watunza amana wa mtaa mzima. Benki zilikuwa ng'ambo ya kivuko na watu wa kwetu hawakuzielewa. Aliyesafiri, mjane mwenye vidani, baharia aliyepata meli, wote walikwenda kwake. Desturi ilikuwa moja. Mwenye mali aliifunga mwenyewe ndani ya kitambaa cheupe cha bafta, akakishona kwa mkono wake pale pale dukani huku Mzee ametazama nje. Kila mtu alikuwa na mshono wake. Mzee hakuuliza kuna nini wala hakuandika. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema, "Imefika," akakiweka rafuni nyuma ya pazia. Kifurushi cha mama yangu kilikaa rafuni mle tangu nikiwa darasa la pili.

Sasa akatokea mwalimu mmoja wa sekondari, mgeni, aliyekuwa amepanga karibu na duka. Akampelekea Mzee kifurushi kidogo, akakishona kama alivyoona wenyeji wakifanya, kwa uzi mweusi na mshono mbovu wa mwanamume asiyejua sindano. Akasema anasafiri, na hakurudi tena. Kumbe alikuwa anatafutwa. Siku zile kulikuwa na maandishi yaliyopigwa marufuku, ya kuikosoa serikali, na kupatikana na ukurasa mmoja tu kulitosha kumpeleka mtu jela. Leo maneno yale husemwa redioni asubuhi watu wakinywa chai.

Mtu akamchongea Mzee kwetu. Tukaenda dukani, Inspekta na mimi, wawili tu, saa nne asubuhi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

Inspekta hakungoja nijibu. "Vitu vya mwalimu viko wapi?"

Mzee aliingia nyuma ya pazia akatoka na kifurushi. Angeweza kusema hakijui. Rafu ile ilikuwa na vifurushi zaidi ya arubaini na hakuna hata kimoja kilichoandikwa jina. Lakini mtunza amana hawezi kuikana amana iliyoko mkononi mwake. Kwao kuikana ni kuiiba.

"Hii ni ya nani?" Inspekta akauliza.

"Ya mwalimu. Ila iko kwangu, na mwenye kuulizwa ni mimi."

"Kuna nini ndani?"

"Sijui. Hakuniambia, nami sikumuuliza."

"Fungua."

"Hilo siwezi, bwana mkubwa. Amana yafunguliwa na mwenyewe. Ukitaka nilifunge hata duka hili, nitalifunga, lakini mkono wangu hautakata uzi wa mtu."

Inspekta akachukua wembe kutoka katika boksi la nyembe za kuuza, akaupasua mshono juu ya meza ya duka. Zikatoka diski nane za kompyuta, zile za plastiki za mraba zilizoenea kiganjani. Mzee alizitazama kisha akanitazama mimi. "Ndiyo nini hivi, mwanangu?" Nilizijua kwa kuwa niliziona mara moja katika ofisi ya makarani wa bandarini. Yeye alidhani ni vigae vya kuchezea.

Na sisi tusingeweza kuzisoma. Kituo kizima hakikuwa na kompyuta. Ilibidi Inspekta azipeleke kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo huko Changamwe, wakamwekea moja ndani ya mashine, na maandishi yakatokea kwenye kioo. Hebu fikirini. Polisi wa serikali walihitaji kuvuka kivuko, kupata mashine na mtu wa kuiendesha ndipo wajue mna nini mle, na bado tukamshtaki mzee wa miaka sabini na mbili kwamba alikuwa akijua.

Siku ile ile, tuliporudi kituoni na diski na kitambaa, nililifungua daftari. "Afande, na kitambaa?"

"Tunashtaki kitambaa?"

"Kilikuwa kimeshonwa, afande."

Akanikazia macho. "Koplo, unamkumbuka yule hamali wa Kongowea?"

"Namkumbuka."

"Haya."

Nikaandika: diski nane za kompyuta. Kitambaa kilikuwa juu ya meza, uzi wake mweusi umekatika katikati tu, ncha zote mbili za mshono zingali zimefungwa kama mwalimu alivyozifunga. Inspekta akasema nikitupe. Nikakitia mfukoni.

Kesi ilisikizwa kisiwani. Mzee Abdu alisimama kizimbani na kanzu iliyofuliwa, akijibu kila alichoulizwa, na akaeleza kuwa kifurushi kilikuwa kimeshonwa. Inspekta alikuwa ameliandaa swali lake vizuri.

"Mtu usiyemjua sana anakuletea kifurushi kimeshonwa, anatoweka. Kwa nini hukuuliza kuna nini?"

Niliposikia "kimeshonwa" niliinua kichwa. Nikadhani amejikwaa. Lakini Mzee akajibu, "Amana haiulizwi," na Inspekta akageuka kwa hakimu haraka, akasema mshtakiwa anasimulia hadithi ya kushona, ushahidi wa mshono haupo, na hata kama upo, mtu anayekataa kuuliza anakataa kwa sababu anajua jibu.

Hapa nawaeleza ninyi vijana jambo la sheria, nalo ni la kweli. Kufumba macho makusudi huhesabiwa kuwa ni kuona. Mtu akihisi kuna haramu ndani ya mfuko, akaacha kufungua ili baadaye aape kuwa hakujua, sheria haimsikilizi, na haki iko hapo. Lakini sharti kwanza awe amehisi. Asiyefungua kwa kuogopa atakachokiona, na asiyefungua kwa kuwa si chake, wote wawili wameacha kufungua. Ila mmoja ni mhalifu na mwingine ni mtu mwema. Kuwatenganisha kunahitaji ushahidi mdogo mdogo: mshono, fundo, vifurushi arubaini vingine vilivyoshonwa vivyo hivyo rafuni. Kitambaa chenye ushahidi huo ndicho kilichokuwa mfukoni mwa sare yangu asubuhi ile. Nilikwenda nacho mahakamani. Nilijiambia nikiulizwa nitakitoa.

Nikaulizwa. Wakili wa Mzee alikuwa kijana, lakini hakuwa mjinga.

"Koplo, diski hizi zilikuwa ndani ya nini zilipopatikana?"

"Daftari linaonyesha diski nane."

"Sikuulizi daftari. Nakuuliza wewe uliyekuwako."

Inspekta alikuwa akichonga penseli. Hakuinua uso. Jina langu lilikuwa limeshapelekwa kwa cheo cha usajini na nyumba ya serikali yenye vyumba viwili, na zamani zile anayemtetea mtu wa kesi kama ile alihesabiwa kuwa mwenzake. Niliogopa. Sitafuti neno lililo zuri zaidi.

"Sikumbuki kitu kingine," nikasema.

Mkono wangu ulikuwa juu ya mfuko. Ilikuwa saa tano na nusu, na kuanzia hapo sijawahi kujisikia vizuri mtu akiniita mkweli.

Mzee alikuwa nje kwa dhamana akingoja hukumu. Siku nne baada ya ushahidi wangu alikuja kwetu kwa miguu alasiri, nikiwa barazani na mama. Alikuwa akizunguka mtaani kurudisha amana za watu, moja moja.

"Sijui nitarudi lini," alimwambia mama, "na amana haikai pasipo mtu. Tazama uzi wako."

Mama akakipokea kifurushi, akakisogeza karibu na macho yake yaliyoanza kufifia, akaupapasa mshono kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa vile vile, miaka ishirini na kitu. "Imefika," akasema.

Mzee akanigeukia. Sikuona hasira, na ningependa ningeiona. "Mwanangu, kile kitambaa cha mwalimu ki wapi? Akija nataka nimuonyeshe palipokatwa, ajue si mimi niliyefungua."

"Kilitupwa, Mzee."

"Haya. Si neno." Akaaga, akaenda nyumba ya pili.

Mama alingoja mpaka aishilie njiani. "Kitambaa gani?"

Nikamweleza.

"Kilikuwa kimeshonwa?"

"Naam."

"Na huko kwa hakimu ulisema?"

Nikatazama njia aliyopita Mzee. Mama yangu hakuwa mtu wa kelele. Aliinuka na kifurushi chake akaingia ndani. Alikuwa na mwana polisi, mtunza vielelezo wa serikali, mwenye kufuli na funguo. Na tangu siku hiyo alikilalia kifurushi chini ya mto wake mpaka alipokufa. Hakuniambia nimwekee, hata siku moja.

Hakimu alisema vitu vilikuwa dukani kwa mshtakiwa, chini ya mamlaka yake, na kwa kuwa hakuna ushahidi kuwa vilikuwa vimefungwa, alikuwa na nafasi ya kuvijua. Asipovijua ni kwa kutotaka. Miaka mitatu. Mimi nikapata cheo changu mwezi uliofuata, Inspekta akanipa mkono mbele ya wenzangu. Alisema mimi ni mtu wa kutegemewa.

Mzee alipotoka alilifungua tena duka. Misumari ikauzwa, lakini pazia la nyuma alilitoa, na mtu akija na kitambaa na sindano alimwambia aende benki. "Mimi siwezi kukuahidi tena," alisema. Akafa akiwa hivyo, na rafu ile imejaa makopo ya rangi. Sheria iliyomfunga ikaja kuondolewa miaka michache baadaye, bila kelele, kama mtu anayetoa takataka nje. Mwalimu hakurudi, au kama alirudi, hakupita kwetu.

Nimestaafu nikiwa sajini, cheo kile kile cha aliyenifundisha, na hapo ndipo ufanano wetu ulipoishia. Siku hizi huja askari vijana kuniuliza mambo ya simu. Picha chafu imetumwa kwenye kundi la watu mia, imejihifadhi yenyewe ndani ya simu ya mtu aliyekuwa amelala, amepatikana nayo? Nawaambia wajiulize yale matatu. Iko mahali pake? Anaweza kuifuta, kuituma, kuificha? Na alijua iko? Watazame aliifungua saa ngapi, aliifungua mara ngapi, na waandike na mfuko wake. Wanaandika niliyosema kwenye simu zao, wananishukuru, wananiita mwalimu.

Wakiondoka huingia chumbani. Ndani ya sanduku langu kuna kitambaa cha bafta, kimegeuka rangi ya chai, chenye uzi mweusi na mshono mbovu uliokatwa katikati kwa wembe. Kiko nyumbani kwangu. Ufunguo ninao mimi peke yangu, na ningeweza kukitoa siku yoyote kati ya siku zote hizi. Na nakijua ni nini. Sajini alisema likikosekana moja huna kesi, una mzigo. Nimehesabu mara nyingi, na halikosekani hata moja.